Kidoti na Chupa ya Chai ya Mama

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Aichi sasa hivi amechovya kidole kwenye uji wake, akatoka nacho mbio mpaka bandani, akakipenyeza kati ya mbao ili Kidoti akilambe. Ni mchezo wao wa kila asubuhi. Kidoti humlamba mpaka kwenye kiwiko, mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Leo Kidoti amegeuza uso. Aichi amebaki amesimama na kidole chake, amenitazama, akasema, "Koti taki." Kidoti hataki.

Aichi ni mwanangu, ana mwaka mmoja na miezi kumi. Kidoti ni ng'ombe wetu, yaani si wetu hasa. Daftari hili nilipewa kitaluni la kuandikia miche ya kikundi, kwa kuwa kati ya wanawake wote wa kikundi mwandiko wangu ndio unasomeka. Kurasa za mbele ni za miche. Za nyuma nimeamua ziwe zangu. Niliishia kidato cha pili, lakini kupenda kuandika sikuacha.

Kidoti ni wa Baba Mkubwa Zebedayo, kaka yake marehemu baba mkwe. Alihamia zamani Lembeni, ana duka karibu na reli, akatuwekea sisi ng'ombe huku Mhezi tumfuge. Desturi ya huku ni kwamba maziwa na samadi ni vya anayefuga, ndama wa kwanza anakwenda kwa mwenyewe, ndama wa pili anabaki kwa aliyefuga. Wa kwanza tulishampeleka mwaka juzi, nilimsindikiza mpaka barabarani. Sasa Kidoti ana mimba ya wa pili, miezi sita na kidogo. Huyo ndiye wetu. Sifael mume wangu anakata mkonge kule tambarare na anarudi mwisho wa mwezi. Mara ya mwisho alikuja na kamba nyekundu ya ndama. Ndama mwenyewe hajazaliwa, kamba imeshatundikwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani, kisha makande. Kidoti amekula nusu hori.

Mama mkwe ana tabia yake. Kila shada la majani analikung'uta mara tatu kabla ya kulitia kwenye hori, kama mtu anayemtandikia mgeni shuka. Mimi nikirudi na mzigo wa kitaluni ananiuliza, "Umekung'uta?" Nasema ndiyo, Mama. Mzigo mzima utaukung'utaje, na mtoto mgongoni? Majani ya kitaluni ni mazuri, yanaota katikati ya matuta ya miche, nafyeka nabeba, sihitaji kuteremka kwenye makorongo kama yeye. Nilidhani atanisifu.

Ana tabia nyingine, chupa ya chai. Ni ya maua mekundu, aliletewa siku ya harusi yake, na haiguswi mpaka mchungaji aje. Mimi nimekaa nyumba hii miaka mitatu na sijawahi kuifungua kifuniko.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kidoti amekula kidogo. Maziwa kikombe kimoja, yote ya Aichi. Mvua bado.

Jumanne, 22 Oktoba

Amekuja bwana mifugo wetu, Fanueli. Wiki iliyopita alimchoma sindano ya ndigana, ile homa ya kupe, haikusaidia. Leo amembonyeza ubavu wa kushoto kwa ngumi na shimo la ngumi likabaki pale, kama kwenye unga uliokandwa. Akaniambia nisikilize. Tumbo la ng'ombe mzima linanguruma. La Kidoti limenyamaza.

Anasema huenda amemeza nailoni. Nikamwambia huyu hatoki bandani, hajui hata barabara ikoje, nailoni ataipata wapi? Akasema hata yeye anajiuliza. Yupo daktari wa chuo anazunguka wilaya ya Same akifanya utafiti wa jambo hilohilo, atampigia.

Alipoondoka nilikaa nikafikiri. Anayemlisha nikiwa kitaluni ni Mama. Maganda ya viazi anayabeba kwenye mfuko wa sukari, nimemwona. Sikusema. Lakini nimeanza kumwangalia mikono.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua imeanza. Ukungu mpaka mlangoni. Hajacheua.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Hajacheua. Aichi amempelekea kidole mara mbili.

Ijumaa, 1 Novemba

Daktari amefika. Nilitegemea mzee mwenye miwani, kumbe ni dada tu, Dokta Leticia, ana gambuti za kijani na sauti ya chini. Alimwamkia Mama vizuri, akaomba maji ya kunawa kabla hata ya kumgusa ng'ombe. Alimkagua muda mrefu, akaweka mkono mpaka ndani kumtafuta ndama. Yupo, anacheza. Nilimgeukia Mama tukatazamana, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Ametueleza taratibu. Tumbo la kwanza la Kidoti limejaa kitu kisichosagika. Dawa haipo, ni kumpasua ubavuni akiwa amesimama na kutoa kwa mkono. Kupasua huko si jipya, jipya ni kinachofuata. Yeye akishasafisha anarudishia maji ya tumbo la ng'ombe mzima, kwa kuwa mle ndani kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo ndivyo vinavyopika majani, na vya Kidoti vimekufa kwa njaa. Anataka kujua kama ng'ombe hupona upesi akipewa vya mwenzake. Halafu takataka zenyewe atazipeleka chuoni, maana anatafuta kama kuna vijidudu vilivyokaa na nailoni mpaka vikajifunza kuila. Akivipata vingeweza kusaidia hata majalala. Mama akamuuliza, yaani wewe unatafuta mdudu anayekula uchafu ndani ya ng'ombe wangu? Akasema ndiyo, Mama, kazi yangu ndiyo hiyo. Mama akasema basi kila mtu na wito wake.

Nikamuuliza kama atapona.

"Sitakudanganya, Mama Aichi," alisema. "Tumeshawafanyia kumi na mmoja. Tisa wanakula majani. Mwenye mimba kubwa namna hii, huyu ndiye wa kwanza."

Gharama hakuna kwa kuwa ni utafiti, ila mwenye ng'ombe akubali. Hapo ndipo penye kazi.

Jumatatu, 4 Novemba

Tumempigia Baba Mkubwa. Mtandao unashika kwenye jiwe lililo juu ya shamba la Sadock, jirani yetu, na Baba Mkubwa masikio yake yamezeeka, kwa hiyo ukiongea naye unaongea na mlima mzima. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza kwa kupiga kelele. Akasema hapana. Achinjwe Jumamosi angali ana nyama, anamtuma mtu. Nikasema ana mimba, Baba Mkubwa. Akasema anajua ana mimba, si ndiyo maana anasikitika.

Ng'ombe wa kuwekewa akifa, anayefuga anampelekea mwenyewe ngozi, ili ajue hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Basi akaniuliza, "Mkimpasua akafa, mniletee ngozi ina tundu? Nitamwonyesha nani ngozi ya namna hiyo?"

Mama akaninyang'anya simu.

"Shemeji," alisema, "kumpasua si kumchinja. Hata mimi nilipasuliwa nikamzaa huyo Sifael, na marehemu hakudai ngozi."

Sadock alikuwa akilima chini yetu. Nilimwona amesimamisha jembe, anacheka peke yake.

Baba Mkubwa alikubali, kwa sharti. Akifa, tusimuulize habari ya ndama wa pili. Atatuwekea mtamba mwingine siku akijaliwa, na hesabu ya ndama ianze upya, wa kwanza kwake, wa pili kwetu. Hiyo ni miaka minne, labda mitano. Aichi atakuwa shule.

Tumeteremka, Mama mbele mimi nyuma. Nilikuwa namshukuru moyoni, na hapohapo naendelea kuwaza ule mfuko wa sukari.

Alhamisi, 7 Novemba

Naandika haya mchana wa Ijumaa, Aichi amelala. Jana sikuweza.

Mvua ilikuwa imebomoa barabara. Gari la Dokta lilikwama kwenye utelezi, wakapanda kwa miguu yeye na msaidizi wake Raymond, sanduku la vyombo kichwani kama wanatoka kisimani. Walipofika ndipo wakagundua ile chupa yao ya kuhifadhia maji ya tumbo imebaki garini. Maji yale lazima yakae na joto la mwili, yakipoa vile vijidudu vinakufa. Raymond alitaka kurudi, ni mwendo wa saa mbili kwenda tu. Dokta akauliza kama tuna chupa ya chai.

Ile ya kwangu ilishavunjika kioo. Nikasema haipo. Sikumtazama Mama.

Mama aliingia ndani. Akatoka na chupa ya maua mekundu, ameipangusa na kanga. Akamkabidhi Dokta kwa mikono miwili. "Ina joto mpaka asubuhi," alisema. Basi. Wakaenda kwa Sadock, wakampitishia dume lake mpira mdomoni, wakavuta maji ya kijani yenye povu, wakayamimina kwenye chupa ambayo mchungaji hunywea.

Aichi nilimwacha kwa mke wa Sadock. Kidoti tulimfunga kwenye nguzo, mimi nikashika kichwa, nikamfunika jicho la upande wa kushoto kwa kitambaa changu. Dokta akamnyoa ubavu kwa wembe, akauosha mara tatu, akamchoma ganzi kwa mstari, sindano baada ya sindano. Alipokata nilitegemea ataruka. Hakuruka. Alinipumulia tu mkononi. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza.

Dokta aliingiza mkono mpaka begani. Akavuta. Zilitoka kwanza nyuzi za viroba, zimesokotana kama nywele. Kisha vipande vyeusi, vyeusi, vyeusi, vimeshikamana kama kamba, navyo vinanuka mpaka Raymond akageuka pembeni. Ndoo ya lita ishirini ikajaa. Akaomba nyingine.

Nilivitambua kabla hajavikunjua. Vilikuwa viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Hakuna nyumba ya Mhezi inayotumia viriba. Ni kitaluni tu.

Nikajiambia labda kuna namna nyingine. Ndipo Dokta akatoa kibao cha njano, urefu wa kidole, akakisuuza kwenye maji, akakiangalia kwenye mwanga. Vibao hivyo nilivikata mwenyewe kutoka kwenye dumu bovu na kuviandika kwa msumari, vya kuchomeka kwenye matuta tujue mche upi ni upi. "MRINGARINGA 14/4," Dokta alisoma. "Hii nini?"

Mwezi wa nne ndipo tulipotoa miche ya masika. Tulichana viriba tukavitupa papo hapo kati ya matuta. Majani yakaota juu yake. Nikayafyeka yote kwa mundu, nikafunga mzigo, nikabeba nyumbani na kujisifu. Umekung'uta? Ndiyo, Mama.

Mama alinyoosha mkono, akakichukua kile kibao. Yeye ni wa darasa la nne, anasoma kwa midomo. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akamwambia Dokta, "Endelea, mwanangu."

Wakamimina maji ya chupa, wakashona tumbo, wakashona nyama, wakashona ngozi. Nilihesabu nyuzi za nje, kumi na saba. Dokta aliondoka na viriba vyangu kwenye chombo chenye kufuli, kama mali.

Ijumaa, 8 Novemba

Amesimama. Hajala. Hajacheua.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Amekunywa maji. Hajacheua. Mama amenipa chai kwenye kikombe, hajasema kitu. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani, nimekaa bandani. Ameng'ata jani moja la mgomba akaliacha. Nimemwomba msamaha, yaani ng'ombe, maana Mama nashindwa kumwanza. Nilimshuku kwa mfuko wa sukari, na yeye kila jioni alikuwa anakung'uta mashada yake mara tatu mbele ya macho yangu.

Jumatatu, 11 Novemba

Amecheua!

Aichi ndiye aliyeona. Alikuja kunivuta sketi, anatafuna hewa, taya huku na huku. Nikadhani kaokota kitu. Akanivuta mpaka bandani. Kidoti amelala chini, macho nusu, anatafuna, anameza, donge linapanda tena shingoni. Nilikaa kwenye samadi nikalia kama mtu aliyefiwa, mpaka Mama akaja na fimbo akidhani kuna nyoka.

Aliangalia. Akakaa pembeni yangu, papo hapo chini, na kanga yake safi. Tulikaa muda tukimwangalia ng'ombe akitafuna. Hapo ndipo aliposema.

"Mimi changu kilikuwa sindano ya kushonea," alisema. "Nilikuwa mwali, nimeolewa hapa miezi minne tu. Niliichomeka kwenye mzigo wa majani nisiipoteze, nikaisahau. Alikuwa jike la baba mkwe. Yule wangu hakupona."

Nikamuuliza baba mkwe wake alisemaje. Akasema hakuambiwa, hakuna aliyejua mpaka leo, ila mimi. Basi ndio maana anakung'uta. Nilimwambia habari ya mfuko wa sukari. Alicheka, akasema alikuwa anaona macho yangu yakiufuata, alidhani nautaka.

Jumamosi, 16 Novemba

Baba Mkubwa amepanda kutoka Lembeni na kofia yake. Alihesabu nyuzi, akasema mama huyu daktari angefaa kushona suti. Alimpapasa tumbo, ndama akampiga teke la ndani, akaondoa mkono upesi. Halafu akauliza, takataka zilitoka wapi, ng'ombe asiyetembea?

Mama akajibu, "Mikononi mwetu, shemeji. Tulimpa wenyewe. Hatukukung'uta."

Hatukukung'uta. Yeye! Sikuweza kuliacha hilo. Nikasema ni mimi, Baba Mkubwa, ni majani yangu ya kitaluni. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia. Hakusikia. Mara ya tatu nilipiga kelele, na nadhani mpaka kijiji cha Chome wanajua sasa kuwa mimi Irine nilimlisha ng'ombe viriba.

Alinitazama, uso mzito. "Kumbe ng'ombe wangu ana kitalu tumboni," alisema. "Nilimweka huku azae ndama, ninyi mkamwotesha miti."

Kisha akaomba chai. Mama akaileta kwenye sufuria. Akauliza ile chupa ya maua iko wapi, akajibiwa, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Sharti lake lilibaki vilevile, alisema akiondoka. Lakini alilisema akiwa anaitazama ile kamba nyekundu, na akaniuliza kama ni imara.

Jumapili, 1 Desemba

Nyuzi zimetolewa. Kile kibao Mama amenirudishia, nimekipigilia juu ya hori. Kitaluni tumekubaliana kila kiriba kitakachochanwa kiingie kwenye gunia, na miche ya masika tujaribu kuotesha kwenye maganda ya mgomba. Nilisimama nikawaeleza sababu, bila kuficha.

Jumatano, 18 Desemba

Ujumbe wa Dokta Leticia. Anasema kwenye viriba vya Kidoti kuna vijidudu vinavyokua, polepole mno, na bado hajui kama vinakula nailoni au vimekaa tu. Nilimsomea Mama. Jioni kwenye sala alimwombea Sifael safari njema, akaombea mimba ya Kidoti, akanyamaza kidogo, akasema, "Na wale wadudu wa Dokta, Bwana, uwape hamu ya kula." Sikuweza kuitikia amina kwa kicheko.

Jumatano, 25 Desemba

Sifael amekuja na chupa mpya ya chai, ya bluu. Mama ameipokea, ameisifu, ameiweka mezani kila mtu aitumie. Ile ya maua iko bandani juu ya ubao, ameiosha kwa maji ya moto na majivu, na haruhusu mtu kuigusa.

Ijumaa, 3 Januari 2025

Tangu asubuhi Kidoti hatulii, analala anainuka. Kiwele kimejaa kinang'aa. Mama amejifunga kanga mbili, amenifukuza, amesema nikae nipumzike nitaitwa. Sifael anazunguka banda tu hana msaada. Majani ya leo nimeyakung'uta mimi, mara tatu kila shada, nusu saa nzima, Aichi ananisaidia na shada lake dogo, anajipiga nalo puani. Uji wake haujaisha. Amechovya kidole, ameteremka kitini, namsikia huko nje anacheka, ina maana amelambwa, tena mpaka kwenye kiwiko, na mimi nilitaka kuandika kwamba tangu ile siku ya Oktoba nilikuwa nangoja kusikia hicho kicheko ili nijue kwamba kweli tume—

Mama anaita. Anasema miguu ya mbele imeshatoka, nilete ile kamba nyekundu na maji ya vuguvugu, hayo ya kwenye chupa ya maua, na nisikawie na daftari.